Mti usipande: kisa cha konde moja la Pemba

"Ami, na migomba je?"

Mzee alikuwa amekaa barazani kwake, baada ya sala ya alasiri. Alichora mstari mchangani kwa ncha ya fimbo, akautazama, kisha akajibu kwa upole kabisa.

"Mwanangu, panda muhogo, panda viazi, panda hizo tungule zako. Mti usipande."

"Mgomba nao ni mti?"

"Mgomba haufi. Unazaa watoto, na watoto wanazaa wajukuu. Siku nikikwambia toka, utatoka na nini?"

Ilikuwa Novemba 2021. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa baraza, kwani kijana aliniomba nifuatane naye nikamsemee. Nilisema yangu yote kuhusu afya ya udongo, na mzee akanisikiliza kwa heshima, lakini jibu lake halikubadilika. Haikupita wiki tatu, kijana akapanda meli pale Mkoani akarudi Unguja kuosha vyombo hotelini. Konde likaota majani.

Nimekuwa bwana shamba Pemba kwa miaka mingi, na katika mikutano yote niliyokaa, suala la vijana na kilimo huishia kwenye majibu yale yale: vijana wavivu, vijana wanataka pesa ya haraka, vijana hawana mtaji, vijana wapewe mafunzo. Kijana huyu hakuwa mvivu, mafunzo aliyapata, na mtaji mdogo aliupata. Pamoja na hayo yote aliondoka, kisha akarudi, na mara hii amebaki. Nimemfuata tangu 2020, ndiyo maana nakieleza kisa chake kwa urefu. Jina lake nalihifadhi, na la shehia yake pia.

Kabla ya konde

Amezaliwa Wilaya ya Mkoani, kwenye vile vilima vya mikarafuu ambavyo kila ukishuka unaingia bonde la mpunga. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la sita. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2016, matokeo hayakumfikisha mbali, akabaki kijijini miaka miwili akifanya kila kibarua: kubeba matofali, kuangua nazi, na msimu wa karafuu ukifika, kuchuma.

Karafuu inahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndiyo inayowafundisha vijana wa Pemba maana ya kilimo kabla hawajashika jembe lao wenyewe. Tangu tufani ya 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki ndicho kimeibeba karafuu ya Zanzibar. Mchumaji hulipwa kwa pishi ya karafuu mbichi. Mwenye mkarafuu ndiye anayeanika, anayepeleka kituoni, na anayepokea fedha kutoka Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ambalo ndilo mnunuzi pekee. Bei ilipopandishwa mwaka 2011 kijiji kizima kilishangilia, na wenye miti wakaezeka nyumba kwa mabati mapya. Kijana aliyepanda juu ya mti akashuka na pishi zake, na ujira wake, na mikwaruzo yake. Mkarafuu huchukua miaka sita, saba, hadi nane kuanza kuzaa, na baada ya hapo huzaa umri wa mtu na zaidi. Kwa hiyo mtoto anakua akiona kwamba shambani kuna watu wa aina mbili, mwenye mti na mwenye kuchuma, na kwamba umri wa mti ni mrefu kuliko subira ya kibarua.

Skuli nayo ilimwongezea somo lake. Aliniambia kwamba jembe alilijua vizuri zaidi siku za kuchelewa, maana adhabu ya kuchelewa ilikuwa kulima bustani ya skuli. Nimelisikia hili kwa vijana wengi mno hata siwezi kulipita kimya. Mtoto ukimpa kitu kwa adhabu miaka kumi, usimtarajie akipende akiwa na miaka ishirini.

Mwaka 2018 akenda Nungwi, Unguja. Akapata kazi ya kuosha vyombo jikoni mwa hoteli, mshahara shilingi 180,000 kwa mwezi. Akitoa kodi ya chumba walichokaa watatu, chakula, na alichomtumia mama yake, kilichobaki hakikufika 50,000. Lakini alikuwa na kazi, na mtu akimuuliza "uko wapi siku hizi?" alikuwa na jibu.

Korona na tungule

Machi 2020 hoteli zikaanza kufunga kwa sababu ya korona. Yeye na wenzake wakarudi Pemba na mabegi yao. Mwezi wa kwanza walikaa maskani wakisubiri kuitwa tena. Mwezi wa pili dada yake, aliyemzidi miaka miwili, akamwambia maneno ambayo mwenyewe huyakumbuka mpaka leo: "Kaka yangu, mimi mchicha wangu haujafungwa."

Dada huyu alikuwa akilima mchicha, bamia na pilipili nyuma ya nyumba ya mama yao, kipande kisichozidi upana wa nyumba mbili. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake, akinunua hisa kila wiki. Akakopa shilingi 60,000 kwenye kikundi kwa jina lake, akampa kaka yake anunue mbegu. Nalisema hili mapema kwa sababu kisa hiki watu wakikisimulia hapa kijijini humsahau dada, na bila yeye hakuna kisa.

Konde lilikuwa la kuazima. Ami yake, mdogo wa marehemu baba, alimpa kiasi cha robo eka pembezoni mwa bonde, mahali ambapo kijito hakikauki mpaka Januari. Sharti alilitaja tangu siku ile ya kwanza, na kijana hakulijali, kwani aliyekuwa akifikiria tungule, yaani nyanya, hana haja na miti.

Hapo ndipo nilipomjua. Alikuja ofisini na daftari, ameandika maswali kumi na moja. Tukashuka bondeni pamoja. Alisia kitaluni Mei, mvua za masika zikielekea ukingoni, akapandikiza Juni, wakati wa baridi ya kusi ambapo tungule hapa kwetu hustawi kuliko wakati mwengine wowote. Akachoma vijiti, akafunga miche kwa vipande vya kamba ya katani, akamwagia kwa ndoo asubuhi na jioni. Septemba akavuna. Matenga kumi ya mwanzo yalikwenda Chake Chake kwa bei nzuri. Kisha majahazi ya Tanga yakateremsha tungule Wete, bei ikaporomoka kwa siku mbili, na matenga yaliyofuata akayauza kwa chini ya nusu.

Alipofunga hesabu alikuwa ametumia 180,000, pamoja na deni la dada, na amepata 610,000. Faida yake 430,000 kwa miezi minne. Ukigawa, ni zaidi kidogo ya laki moja kwa mwezi, chini ya mshahara wa hoteli, ingawa hakulipa kodi ya chumba na alikula kwa mama. Watu wa miradi wakiona hesabu kama hii husema kijana ameshawishika. Mimi pia nilidhani hivyo. Yeye mwenyewe alifurahi kwa sababu nyengine. Aliniambia kwamba hajawahi kushika laki nne kwa pamoja, na kwamba pesa ikija kwa mkupuo mtu anaweza kufanya jambo likaonekana. Alimwezekea mama yake jiko.

Bilauri ya maji

Mwaka 2021 akapanda tena, konde lile lile, tungule zile zile. Miche ikashika vizuri, ikatoa maua. Siku moja Agosti akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi.

Nilipofika, miche kama arobaini ilikuwa imenyauka, majani yakiwa bado ya kijani. Hiyo ndiyo alama inayotia hofu: mche haugeuki manjano, hauna madoa, umelala tu kama uliochoka. Alikuwa ameshamwaga dawa ya ukungu ya 45,000, kwa ushauri wa muuza duka. Nikamwomba bilauri ya kioo na maji safi. Tukakata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, tukakining'iniza ndani ya maji, tukakaa chini kusubiri. Hazikupita dakika tano, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye kidonda cha shina, taratibu, mpaka maji yakawa na wingu.

Ulikuwa mnyauko wa bakteria. Akaniuliza dawa yake nini. Nikamwambia hakuna dawa ya kumwaga. Bakteria hao wanaishi ndani ya udongo, na tungule, bilingani, pilipili na viazi mviringo wote ni chakula chao. Konde lile lilitaka kupumzishwa na jamii hiyo kwa miaka kadhaa. Nikamshauri apande mahindi msimu mmoja, kisha aingize migomba ya mkono wa tembo, na tungule azihamishie kwengine.

Kwengine hakukuwepo. Mahindi alijaribu kwenye kipembe, tumbili wakayamaliza. Ikabaki migomba, na ndipo tulipokwenda barazani kwa ami yake mwezi wa Novemba.

Nilitoka pale na hasira, nakiri. Nilimwona mzee kama mtu anayeona bora ardhi ilale kuliko kijana ainuke. Baadaye nikajua kwamba sikuwa nimemwelewa.

Eka tatu za babu

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Babu wa kijana huyu alikuwa mmoja wa waliopata. Alipanda minazi na mikarafuu, akazaa watoto wanne, akafariki. Eka zile hazikugawiwa. Watoto wanne wakawa na watoto wao, na leo warithi walio hai, ukihesabu wajukuu wa waliotangulia mbele ya haki, ni kumi na tisa, wengine Unguja, wengine Dar es Salaam, mmoja Maskati.

Hapa kwetu mti na ardhi ni mali mbili. Mtu anaweza kuwa na minazi ndani ya shamba lisilo lake, akauza mazao, akarithisha watoto. Faida ya mila hii ni kwamba mtu maskini anaweza kumiliki kitu cha kudumu. Ubaya wake unaonekana pale anayeazimwa ardhi anapotia mti: mti ule unakuwa shahidi. Siku ya kugawa mirathi mwenye mti atasimama aseme, "hapa pangu, huu mti nani alipanda?" Kwa hiyo kila mwenye busara anayeazimisha konde hutoa sharti moja: mazao ya msimu, mti usipande.

Ami yule hakuwa mwenye konde. Alikuwa amelishika tu kwa niaba ya watu kumi na tisa. Angeruhusu migomba ya mtoto wa kaka yake, angeulizwa na dada zake kwa nini kawapendelea watoto wa marehemu. Alikuwa akilinda amana, kwa njia aliyoijua.

Lakini tazama matokeo yake kwa kijana. Anayeruhusiwa kupanda vya miezi mitatu tu hawezi kuchimba kisima, kwa sababu kisima hakibebeki. Hawezi kuweka samadi nyingi, kwa sababu rutuba ataiacha. Hawezi kubadilisha mazao pale ugonjwa unapoingia, kwa sababu mazao yanayofaa ni ya kudumu. Aliwahi kuomba mkopo mahali, fomu ikauliza dhamana, akaiacha wazi. Analazimika kulima kile kile pale pale mpaka udongo uchoke, na udongo ukichoka tunasema kijana amekata tamaa ya kilimo.

Na ardhi haiongezeki. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba. Ile ya 2022 ikahesabu 543,441. Eka tatu za babu ni zile zile tatu.

Naweza kutoa ushahidi mwengine kutoka kazi yangu, na huu unaniuma. Miaka michache kabla ya korona tulianzisha shamba darasa la vijana kumi na tano katika shehia ya jirani. Tulipata mbegu, mipira ya kumwagilia kwa matone, na semina za siku tatu zenye posho. Konde liliazimwa kwa mwananchi mmoja. Misimu miwili ilikwenda vizuri ajabu. Udongo ukanona, matuta yakasimama, na mwenye konde, alipoona linavyopendeza, akalitaka. Vijana wakang'oa mipira yao. Ripoti yangu iliandika vijana kumi na tano wamefunzwa, na mradi ukahesabiwa umefanikiwa. Nilipowatafuta mmoja mmoja mwaka 2022, waliokuwa bado wanalima ni watatu, na wote watatu wako kwenye ardhi ambayo hakuna wa kuwatoa. Niliandika idadi ya waliofunzwa kwa sababu ndiyo niliyoulizwa. Safu ya nani ana haki ya kukaa pale miaka mitano ijayo haikuwepo kwenye fomu, nami sikuiongeza. Siku hizi naiongeza kwa kalamu, pembeni.

"Sirudi kulima la kuazima"

Mapema 2022 ami akaugua mguu. Watoto wake wa kiume wako mbali. Shamba likakosa mtu wa kulipitia, nazi zikaanguliwa usiku, na jirani upande wa kaskazini akaanza kulima akivuka mpaka hatua mbili tatu. Mzee akamwita yule dada mtu, akamwambia ampelekee kaka yake sauti kwa simu: arudi, konde lipo.

Kijana alijibu kwa sauti pia, na dada alinisikilizisha. "Msalimie sana ami, mwambie namwombea afya. Lakini sirudi kulima konde la kuazima. Nikirudi, nirudi kwa maandishi."

Kwa kijana wa Pemba kumwambia hivyo ndugu wa baba yake si jambo dogo. Mama alilia, akasema mtoto ameharibiwa na hoteli. Ami akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Kweli anayoyasema."

Walikutana siku ya tatu ya Idi el-Fitri, Mei 2022, wakati waliokuwa Unguja wamekuja nyumbani. Sheha alialikwa, wazee wawili wa msikitini, na mimi. Kugawa mirathi yote kisheria kungetaka kwenda kwa Kadhi na kukusanya warithi wote, na hawakuwa tayari. Wakakubaliana na jambo dogo zaidi. Kijana akabidhiwe nusu eka kwa miaka kumi. Ruhusa apande migomba, mipapai, na mipilipili manga itakayopanda juu ya miti iliyopo. Ruhusa achimbe kisima. Minazi, mikarafuu na miembe isiongezwe, na iliyopo ibaki ya wote. Katika kila mikungu kumi, mmoja uende kwa familia. Mirathi ikigawiwa kabla ya miaka kumi kwisha, atakayeangukiwa na sehemu ile amlipe kijana thamani ya alichopanda, kwa makisio ya wazee wawili, au amwache avune mpaka muda uishe.

Shangazi mmoja alikataa mwanzoni. "Na watoto wangu mimi?" aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki. Kijana mwenyewe ndiye aliyemjibu: "Shangazi, wakija wakataka kulima, nitawaonesha mpaka wangu unapoishia, na kisima tutachota pamoja." Likaandikwa nalo. Ilikuwa kurasa mbili za daftari la mistari, majina, saini, dole gumba la ami, na muhuri wa sheha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na familia ile ilikuwa imeishi nusu karne bila daftari.

Najua karatasi ile si hati ya ardhi, na mwanasheria anaweza kuipata na kasoro. Lakini kijana hakuacha kazi ya hoteli kwa ajili ya hati. Aliacha kwa sababu watu ambao wangeweza kumtoa wamesema mbele ya sheha, mbele ya wazee, na mbele ya nafsi zao kwamba hawatamtoa. Kijijini neno kama hilo lina uzito.

Kisima, Ramadhani na posa

Wiki ile ile alianza kuchimba mashimo ya migomba, mvua za masika zikiwa bado zinapiga. Alichukua machipukizi ya mkono wa tembo kutoka kwa watu wanne tofauti, akayamenya mizizi na kuyatazama moja moja kama nilivyomwonesha, yenye matobo ya fukusi akayatupa. Katikati ya mistari akatia viazi vitamu, ili kwanza ale na kisha afunike ardhi. Kiangazi kilipokaribia akachimba kisima, yeye na rafiki zake wawili, futi kumi na nane mpaka maji yakabubujika. Pampu ya petroli ya mkono wa pili aliinunua kwa fedha ya viazi na mkopo mwengine wa kikundi cha dada yake.

Ramadhani ya 2023 ilianza mwishoni mwa Machi. Anayeijua Zanzibar anajua ndizi, muhogo na majimbi vinavyotafutwa mwezi ule. Futari haifunguliwi kwa wali mtupu. Mikungu yake ya mwanzo ilikomaa kumi la mwisho, michache. Ramadhani ya 2024, machipukizi yakiwa yamekamata, alikata mikungu 61. Sita ikaenda kwa familia kwa mujibu wa karatasi, mitatu wakala na kugawia majirani, 52 akauza kwa wastani wa 20,000. Wanunuzi wawili wa soko la Mwanakwerekwe, Unguja, alishawatumia picha kwa simu kabla, na mzigo ukaondoka Mkoani kwa meli. Umeme, simu, barabara ya lami, vyote vimemsaidia. Vilikuwepo pia mwaka 2021 alipoondoka.

Kuna jambo moja ambalo kwa maoni yangu lina nguvu kuliko tunavyokubali kulisema ofisini. Mwanzoni mwa 2021, baada ya tungule zile nzuri, alipeleka posa. Baba wa msichana akamuuliza unafanya kazi gani. Akasema, "Nalima." Mzee akauliza, "Kwa nani?"

Kwa nani. Kijana alinisimulia hili akitazama chini. Posa ile haikukataliwa wala haikujibiwa. Alipokuwa hotelini, bosi wake hamjui jina lake la pili, lakini lile swali halikuulizwa, maana kazi ya hoteli inajulikana ni ya hoteli. Anayelima lazima awe analima kwa mtu, au awe na chake. Katika lugha yetu "nalima" na "nina shamba" ni hali mbili za watu wawili tofauti.

Mwishoni mwa 2023 akarudi kwa mzee yule yule. Safari hii akasema, "Nina shamba." Mzee akauliza wapi. Akaja mwenyewe kuliona, siku ya Ijumaa baada ya sala, na kanzu yake ameipandisha isishike tope. Alipita mistari yote kimya. Akasimama kisimani, akainama, akatazama maji, akaweka kiganja juu ya ukingo wa saruji kama anayepima ugumu wake. Ndoa ilifungwa baada ya Idi ya 2024.

Dada

Nilikwenda tena mwezi uliopita. Migomba imefunga kivuli, mipilipili manga minne imeshapanda minazi hadi usawa wa kichwa, na ami anakuja kukaa pale jioni na fimbo yake kuwafukuza tumbili. Nilikuwa naandika makisio ya mavuno wakati dada mtu alipokuja na kikapu cha bamia.

Yeye bado analima nyuma ya nyumba. Kipande kile ni cha mama, na mama akiondoka kitagawiwa. Sehemu yake ni nusu ya sehemu ya kaka yake. Katika eka za babu naye ni mrithi, lakini siku ile ya Idi alikuwa jikoni akipika pilau ya wageni, na hakuna aliyemwita, mimi nikiwemo. Amekopa mara mbili ili kaka yake asimame, na zote mbili amelipa. Vijana wa kike wa kijiji kile wanaolima ni wengi kuliko wa kiume, nami nimewahi kuwaandika kwenye ripoti kama "wasaidizi wa familia".

"Bwana shamba," aliniambia, "na mimi niandikieni."

Nikamuuliza anataka wapi. Akanichukua mpaka upande wa juu wa konde, nyuma ya mwembe mkubwa, mahali ambapo pamekaa bure tangu nizoee kupita pale. Alikuwa ameshafyeka. Kulikuwa na mashimo kumi na mbili ya migomba, yamepangwa sawa kwa kamba, kila moja na samadi yake chini, na machipukizi yamelazwa kivulini chini ya gunia bichi.

"Kwa nini hujapanda?" nikamuuliza.

"Sijaambiwa nipande."

Jumamosi nakwenda barazani kwa ami. Sheha ameahidi kuja na muhuri.